Moto Aliouwasha Rebecca

Rebecca Namono alikuwa mwanamke wa jikoni ambaye hakuruhusiwa kugusa moto. Kazi nyingine zote aliziweza. Alimenya gunia la viazi wenzake wakiwa bado wanakunywa chai, alikagua kuku mmoja mmoja chini ya taa, alifunga visanduku vya foili na kubandika lebo bila hata moja kwenda upande. Ila ukifika wakati wa kuwasha oveni, alirudi nyuma na kusubiri. Moto wa jiko lile uliwashwa na rabi mwenyewe, hakuna mwingine.

Jiko lipo Dubai Investments Park, nyuma ya kiwanda cha vioo, katika jengo ambalo ukipita njiani utadhani ni ghala la matairi. Hupika chakula cha kosha, yaani kilichofuata sheria za Kiyahudi, kwa ajili ya mahoteli na abiria wa ndege. Sikukuu zikikaribia huongezwa kazi isiyoleta faida yoyote: rabi, kiongozi wa dini anayelisimamia jiko, huwapikia Wayahudi wasioweza kujipikia. Kuna wafungwa walio jela, na kuna wanajeshi wa majini wa nchi za nje ambao meli zao hutia nanga bandari ya Jebel Ali kwa siku mbili tatu. Visanduku vya wanajeshi hupata lebo ya buluu, vya wafungwa nyeupe. Na sheria ya moto ni moja kwa wote. Myahudi asipouwasha yeye, hata kama ni kubonyeza kitufe tu, chakula hicho Myahudi mwenye kushika dini hakili.

Rebecca aliijua sheria hiyo kabla hajamjua rabi. Alikuwa Myahudi.

Najua utacheka. Hata Twaibu, dereva wa jiko, Mwislamu wa Iganga aliyekua umbali wa saa mbili kwa gari kutoka kwao Rebecca, alicheka mpaka akashika tumbo siku alipoambiwa. Lakini ndivyo ilivyo. Milimani, nje kidogo ya mji wa Mbale nchini Uganda, kuna watu wanaoitwa Abayudaya, walioishika dini hiyo tangu enzi za babu wa babu zao, bila kuletewa na mtu. Wanaitunza Jumamosi, hawali nguruwe, wanawatahiri wana wao siku ya nane. Rebecca alipokuwa na miaka kumi na miwili, na mdogo wake Matia minane, marabi walikuja kutoka ng'ambo, wakawahoji watu wazima, wakawazamisha wote majini mmoja mmoja, wakawapa vyeti vya kuwatambua kuwa Wayahudi. Mama yao alikitia cheti chake katika fremu, akakitundika ukutani juu ya redio.

Vyeti havikufika Dubai. Wakala wa Kampala aliyewapeleka, mtu mwenye haraka na meno mengi, alipofika kwenye mstari wa dini hakuuliza. Aliwaandika Wakristo. Matia alipotaka kusema kitu, wakala akamwambia asimletee matatizo, jina la Matia si limo kwenye Biblia, sasa analalamika nini? Wakanyamaza. Walitaka kazi. Nani asingenyamaza?

Rebecca akapata usafi wa ofisi, na baadaye kampuni yake ikamhamishia jikoni. Alipomwona rabi akiingia na kofia yake siku ya kwanza, moyo ulimpasuka kwa furaha, akafungua mdomo, kisha akaufunga. Makaratasi yake yalisema Mkristo. Alikaa kimya miaka miwili, akimenya viazi vya Wayahudi wenzake.

Matia yeye aliingia kwenye ulinzi, akilinda ghala huko Al Qusais, na kilichomponza ni Sabato. Jumamosi Myahudi haandiki. Matia alikuwa anakubali kukaa langoni na kutazama, kwa kuwa kutazama hakukatazwi, lakini kalamu hakuishika. Kila Jumamosi mwenzake wa zamu alimtilia sahihi kwenye daftari la lango, ya kuingia na ya kutoka, na kwa miezi hakuna aliyejali. Kisha Jumamosi moja lori likatoka na shehena ya simu ambayo haikuwa na karatasi halali, na kwenye daftari likakutwa jina la Matia kwa mkono usio wake. Mwenzake alikuwa ameshapanda ndege. Matia akaeleza mbele ya hakimu kwamba yeye ni Myahudi, hawezi kuandika siku ya Sabato. Makaratasi yakatazamwa. Makaratasi yakasema Mkristo. Hapo hata mkalimani alimtazama kwa huruma, kama mtu aliyeishiwa na uongo. Akafungwa miaka mitatu.

Mwaka wa kwanza jela, Pasaka ya Kiyahudi ilimkuta hana mtu wa kumsaidia. Kwa siku nane Myahudi hali chochote kilichoumuliwa, wala unga wa ngano uliokaa na maji, uwe mkate wa kawaida, chapati au makaroni. Hula matza, mkate mkavu mwembamba uliookwa upesi kabla unga haujaumuka. Jela ilikuwa na mkate, chapati na makaroni. Wali aliuogopa kwa sababu ulipikwa kwenye masufuria ya makaroni. Matia aliishi kwa tende, matango na chai ya rangi, na siku ya sita alianguka bafuni akitapika damu. Daktari akamkuta na vidonda vya tumbo. Akampa vidonge vya kumezwa na chakula, asubuhi na jioni, akamwonya kwamba akifunga tena namna ile asitegemee kuokotwa akiwa hai.

Sasa Pasaka ya pili ilikuwa inakuja. Matia alikuwa na ruhusa ya simu kila Alhamisi saa nne asubuhi, dakika kumi. Mwezi mmoja kabla ya sikukuu alimwambia dada yake kwamba atafunga tena.

Rebecca alimbembeleza. Akamtaja mama. Akamtaja daktari.

"Dada, babu alichapwa viboko wakati wa Amin kwa kukutwa akisali Jumamosi," Matia alisema. "Waliambiwa wakane waachiwe. Hakukana. Mimi nikane kwa ajili ya tumbo?"

Kisha akasema kwa sauti ndogo kwamba kuna wafungwa watano katika jengo lake wanaoletewa visanduku vyenye lebo nyeupe. Mwaka uliopita aliwaona wakila. Ofisi ya jela ilimweleza kwamba kisanduku hutolewa kwa barua ya rabi inayothibitisha kuwa mfungwa ni Myahudi. Barua tu. Je, Rebecca hafanyi kazi kwa rabi huyo huyo?

Rebecca alikuwa amezibandika lebo zile kwa mikono yake. Simu ilipokatika alikaa juu ya kreti la vitunguu, akalia mpaka Twaibu akaja kuuliza kama kuna aliyefariki.

Siku iliyofuata alipiga moyo konde, akamwambia rabi kila kitu.

Rabi alikuwa kijana wa miaka thelathini na mitatu, mwenye ndevu nyekundu na watoto watano, mtu mpole asiyejua kumkaripia hata paka wa uani. Alisikiliza hadi mwisho. Macho yake yaling'aa, akasema amewahi kusoma habari za Abayudaya, akamwomba Rebecca amwimbie wimbo mmoja wa Sabato wa kwao. Rebecca akamwimbia katikati ya masufuria. Rabi akapigapiga meza kwa vidole, akitabasamu. Baada ya hapo akauliza ni marabi gani waliowazamisha, wa madhehebu yapi, na Rebecca alipomjibu, tabasamu likapungua. Alieleza taratibu kwamba Wayahudi hawakubaliani juu ya jambo hilo. Wapo wanaokikubali cheti kile. Wakubwa wake yeye wana masharti makali zaidi. Kuandika barua si shauri lake peke yake, atawauliza, na Rebecca awe na subira.

Rebecca akawa na subira wiki tatu. Kila asubuhi alimtazama rabi usoni kabla hajamwamkia, na kila asubuhi rabi alitikisa kichwa: bado.

Sikukuu ilikuwa inaanza Jumamosi jioni. Jela ilitaka visanduku vifike Jumatano, kabla ya saa sita mchana, na baada ya hapo lango halipokei kitu. Jumatano hiyo saa kumi na mbili asubuhi, kuku wa wafungwa sitini na wanne walikuwa wamepangwa kwenye trei, viazi vimetiwa mafuta, wafanyakazi wamesimama na kofia zao za karatasi, na rabi hayupo. Lori la mchanga lilikuwa limepinduka barabara kuu. Alipiga simu mara moja kusema amezima injini, hakuna gari linalosogea. Alipopigiwa tena, simu yake ilikuwa imeishiwa chaji.

Saa moja ikapita. Kuku wale walihitaji saa moja na nusu motoni, kufungwa, kupakiwa, kisha safari. Twaibu aliingia na funguo za gari mkononi.

"Yalla, dada, lile lango halina shangazi yangu wa kutusubiri," alisema. "Niwashe mimi? Sisi sote si watu wa Kitabu?"

"Ukiwasha wewe, tunamwaga."

"Na wewe ukiwasha?"

Swali lilikuwa la utani, lakini halikumwingia kama utani. Rebecca alisimama mbele ya oveni ile na hesabu yake ilikuwa fupi. Wakubwa wa rabi hawajasema hapana. Aliingizwa majini na marabi, ameshika Sabato maisha yake yote, mdogo wake yuko jela kwa ajili ya Sabato. Akirudi nyuma leo, wakati watu sitini na wanne watakosa chakula cha sikukuu kwa sababu jiko halina Myahudi, atakuwa amekubali kwamba hayupo. Na asipokuwapo yeye, Matia naye hayupo.

"Mimi najijua," akasema, akabonyeza.

Nakwambia ukweli, kwa saa moja ile alikuwa na furaha. Alizunguka jiko akiimba. Aliwageuza kuku, akawapaka majimaji yao, akamtania Twaibu kwamba leo atapeleka chakula kilichopikwa na binti wa Ibrahimu. Harufu ilijaa mpaka uani.

Rabi aliingia saa tatu kasoro, shati limemganda mgongoni. Akasikia harufu, akasimama mlangoni.

"Nani amewasha?"

"Mimi, Rabi."

Wenzake wote wakatazama sakafu. Rabi hakugomba. Aliomba chaja, akatoka na simu hadi kwenye mapipa ya taka, na kupitia dirishani Rebecca akamwona akiongea, akinyamaza, akiongea tena, mkono mmoja umeshika paji la uso. Alionekana anabishana. Alionekana anashindwa. Mtu ambaye hangeweza kumkaripia paka alikuwa anamtetea, na Rebecca aliliona hilo, nami simnyimi rabi haki yake. Kisha akarudi.

"Jibu limekuja," alisema. "La barua na la oveni ni jibu moja. Nisamehe, Rebecca."

Visanduku vya wafungwa viliondoka na matza, matufaha na chupa ndogo za maji ya zabibu. Nyama haikwenda. Watu sitini na wanne walikosa chakula cha moto cha sikukuu kwa mkono wake, na neno hilo lilimuuma siku nyingi. Kuku walipelekwa kwa wafanyakazi wa kiwanda cha vioo, walioshangilia. Twaibu naye, aliporudi kutoka jela, alikula mapaja mawili, akasifu viungo, halafu alipomwona Rebecca usoni akaweka sahani chini na kwenda kuosha gari lisilokuwa chafu.

Lakini kilichomuumiza zaidi kilikuja alasiri. Rabi alisafisha oveni kwa mikono yake mwenyewe, akaiwasha ikiwa tupu kwa moto wa mwisho kabisa, saa nzima, ili kuchoma kilichoingia ndani yake. Ndivyo sheria yao inavyotaka oveni itakaswe. Rebecca alisimama akiitazama ikichomwa. Alijiona yeye ndiye uchafu unaounguzwa mle, na alimchukia rabi kwa dakika kadhaa, kisha akashindwa kuendelea kumchukia, kwa kuwa macho ya rabi nayo yalikuwa mekundu.

Oveni ilipopoa akamfuata.

"Rabi, Myahudi mgonjwa, ambaye akijinyima mkate anaweza kufa. Sheria inasemaje?"

"Ale. Uhai unatangulia. Si ruhusa tu, ni amri."

"Basi kesho ndugu yangu akipiga simu, zungumza naye umwamuru. Hatamsikiliza daktari. Atamsikiliza rabi."

Rabi alisema Matia hahitaji amri, kwa sababu kwa maoni ya wakubwa wake Matia hafungwi na sheria ya Pasaka, na anaweza kula mkate wakati wowote kama mtu yeyote. Akimwamuru kama Myahudi atakuwa amesema uongo kwa jina la Mungu. Rebecca akamuuliza anadhani Matia atafanya nini akiambiwa hivyo, kwamba ale tu, kwani yeye si kitu. Wote wawili walilijua jibu. Matia angefunga siku zote nane, hata tone la chai asinywe, awaonyeshe.

Alhamisi saa nne simu ikalia. Rebecca aliipokea uani, kati ya makreti. Sauti ya mashine ikatangaza kwamba simu inatoka jela na inarekodiwa, kisha ikaja pumzi ya Matia.

"Barua, dada?"

Usiku kucha alikuwa ameyapanga maneno, na yakatoka bila kukwama.

"Rabi amewauliza wakubwa wake. Wamesema wewe ni Myahudi."

Akasikia wafungwa wengine wakizungumza nyuma yake, mmoja akikohoa.

"Amesema hivyo? Kwa mdomo wake?"

"Kwa mdomo wake. Visanduku vilikuwa vimeshaondoka, barua itakuja baadaye. Lakini amenipa amri nikufikishie. Amesema Myahudi mgonjwa lazima ale. Uhai unatangulia. Amesema kila asubuhi na kila jioni ule mkate pamoja na vidonge vyako, na usipokula utakuwa umevunja Torati."

"Nitajie maneno yake, dada. Yale yale."

Rebecca akafumba macho. Akalitoa neno la rabi kama alivyolisikia: si ruhusa tu, ni amri. Angalau hilo halikuwa la kubuni.

Matia akalia. Hakuwa amelia mahakamani, hakuwa amelia alipotapika damu. Alilia kwenye simu ya jela huku watu wanamsubiri nyuma, akisema ahsante, mwambie ahsante, mwambie nitakula. Akauliza kama mama anajua. Akauliza kama na Rebecca mwenyewe amekubaliwa, na Rebecca akasema ndiyo, sote wawili, na dakika kumi zikaisha.

Matia alikula. Jumapili, siku ya kwanza ya sikukuu, alikula nusu mkate wa jela na vidonge vyake, na jioni tena. Hayo Rebecca aliyapata kwa mke wa mfungwa mmoja wa Kenya aliyekwenda kumtembelea mumewe, naye akampigia simu kumwambia mdogo wake anaendelea vizuri, ana furaha ya ajabu, anawaambia watu wote kwamba rabi amemtambua. Rebecca alishukuru. Chumbani alimolala na wafanyakazi wenzake huko Al Qusais, kwenye kitanda chake cha juu, yeye alikula viazi na mayai kwa siku zote hizo, bila kuamriwa na mtu.

Katikati ya sikukuu, rabi huenda jela kusali na wale walio kwenye orodha yake. Alikwenda Jumatano asubuhi, na alasiri akaja jikoni. Hakuvua koti. Akawaomba wengine watoke, akakaa mkabala na Rebecca, kati yao beseni la maganda ya viazi.

"Mtu mmoja alikuwa anafagia ukumbi," alisema. "Aliponiona akaacha ufagio, akaja akanishika mikono yote miwili. Alisema ahsante, Rabi, nimekula kama ulivyoniamuru."

Kisu cha Rebecca kilisimama.

"Ulimwambiaje?"

"Nilitaka kumwambia sijui anaongea nini. Nikamtazama usoni. Nikamwambia aendelee kula." Rabi alisugua macho yake. "Sikumkana, Rebecca. Mungu ndiye atakayenihukumu kwa hilo. Lakini barua siwezi kuiandika. Si mwaka huu, wala sidhani mwakani."

Rebecca alisema anaelewa. Alisema ahsante, na aliimaanisha.

"Aliniuliza barua itafika lini," rabi akaendelea. "Alisema amewaambia wenzake wote, na ofisa ameahidi kumbadilishia dini kwenye makaratasi siku itakapofika. Alitaka kujua ni wiki ijayo au mwezi ujao. Sikuweza kusema uongo mara mbili. Nikamwambia amuulize dada yake."

Alisimama, akafunga koti, akatoka. Rebecca alibaki na beseni lake. Matia alikuwa amebakiza miezi kumi na tisa kifungoni, na simu yake ilikuwa kila Alhamisi, saa nne asubuhi. Kesho yake ilikuwa Alhamisi.